Ndege Ndogo Juu ya Maji: Jaketi Livaliwe Nchi Kavu

Mazungumzo ya leo yanahusu kitu ambacho abiria wengi wa ndege ndogo huwa wamekikalia safari nzima bila kukifikiria, nacho ni jaketi okozi lililowekwa chini ya kiti. Kila siku ndege za injini moja huvuka maji ya kwetu: kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja, kutoka Unguja kwenda Pemba, kutoka bara kwenda Mafia, na huko magharibi juu ya Ziwa Victoria. Nyingi ni Cessna Caravan zinazobeba watu kumi na kitu. Nyingine ni Cessna 206 zenye viti sita, na zipo Cessna 172 ambazo wanafunzi wa urubani hujifunzia. Zote zina sifa moja: magurudumu yake hayakunjwi, yananing'inia nje tangu kupaa hadi kutua. Basi mtu akiuliza itakuwaje injini ikizimika katikati ya mkondo wa Zanzibar, jibu linalosikika mara nyingi ni kwamba magurudumu yatajikita majini, ndege itapinduka kichwa chini miguu juu, na habari itaishia hapo. Mimi naona jibu hilo linaitafuta hatari mahali pasipo pake. Ndege ndogo inayotuliwa majini na rubani anayeimudu huwaacha watu wake hai mara nyingi kuliko tunavyodhani. Kinachowaua ni dakika chache zinazofuata, ndani ya ndege inayojaa maji, na baadaye ni zile saa za kungoja nje bila kitu cha kuwafanya waelee. Kama hivyo ndivyo, jaketi halina kazi chini ya kiti. Livaliwe nchi kavu, kabla injini haijawashwa.

Tuanze na magurudumu, maana ndiyo yanayotisha. Ni kweli kwamba yakitangulia kugusa maji yanaikamata ndege kwa chini, pua inainama, na wakati mwingine ndege inapinduka kabisa. Hilo halina ubishi. Lakini Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza, katika kijitabu chake cha usalama kwa marubani wa ndege ndogo, inaeleza kwamba takwimu za Uingereza na Marekani zinaonyesha asilimia 88 ya kutua majini kulikofanywa na rubani aliyekuwa bado anaimudu ndege kuliisha kwa majeraha machache tu. Kijitabu hichohicho kinasema kitakwimu hakuna tofauti ya kunusurika kati ya ndege za mabawa ya juu na za mabawa ya chini, ingawa palipo na marubani wawili na kahawa ubishi huo haukomi. Sharti la kuimudu ndege ni kubwa na tusilipite. Aliyejaribu kuinyoosha safari ili afike ufukweni, mwendo ukamwishia angani, ndege ikaporomoka kwa bawa moja, huyo hamo katika hesabu hii. Aliyekubali mapema kwamba leo anatua baharini, akaitunza ndege yake mpaka inagusa maji, ndiye tunayemzungumzia.

Na kuna sababu ya kimaumbile inayompa mtu huyo nafasi. Ndege za magurudumu yasiyokunjwa kwa kawaida ni ndege za mwendo mdogo, na nguvu ya pigo hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Orodha ya dharura iliyomo kwenye kitabu cha Cessna 172 inamtaka rubani ambaye injini yake bado ina nguvu kidogo ashushe flapu, yaani vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoiwezesha ndege kuruka polepole, ateremke futi 300 tu kwa dakika, na mwendo uwe kama kilomita 100 kwa saa. Asiye na injini wala flapu aje kwa kama kilomita 120. Tofauti ya kilomita 20 ni ndogo kwa kuitazama, lakini ukiipigia hesabu ya kipeo cha pili ni karibu theluthi moja ya nguvu yote ya pigo. Ongeza upepo. Anayetua kwa kilomita 100 akiukabili upepo wa kilomita 28 kwa saa, ambao si kitu cha ajabu wakati wa kusi, mwendo wake juu ya maji unashuka hadi kama kilomita 72, na nguvu inayobaki ni nusu hivi. Ila upepo una mpinzani wake, nayo ni yale mawimbi marefu yanayoviringika kutoka mbali. Kuyakabili uso kwa uso ni kutafuta ukuta. Kwa hiyo kitabu kinamwambia rubani kwamba upepo ukiwa mkali na bahari imechafuka aukabili upepo, lakini upepo ukiwa mwepesi na mawimbi marefu makubwa atue sambamba nayo. Nahodha yeyote wa jahazi angeielewa hesabu hiyo bila kufundishwa urubani. Bahari iliyolala kabisa nayo ina hila yake, kwa sababu rubani hawezi kukadiria yuko juu kiasi gani. Ndiyo maana ya zile futi 300 kwa dakika, zishikiliwe vilevile mpaka ndege iguse yenyewe.

Orodha hiyo ina agizo jingine ambalo kwangu ndilo kiini cha jambo lote. Inasema makomeo ya milango yafunguliwe kabla ya kugusa maji, na kwamba baadaye, ikibidi, dirisha lifunguliwe maji yaingie, ili msukumo wa ndani na wa nje ulingane, ndipo mlango usukumike. Lifikirie kidogo agizo hilo. Mtu amekwisha kupona pigo, ameketi akiwa na mkanda wake, mzima, na kitabu kinamwambia ayakaribishe maji ndani kwa mkono wake mwenyewe. Walioliandika walijua kwamba kutua ni nusu ya kazi, na nusu iliyobaki ni kutoka.

Mfano unaofanana zaidi na safari zetu ulitokea mbali, katika visiwa vya Hawaii. Tarehe 11 Desemba 2013, Cessna Caravan, aina ileile inayopeleka watu Pemba na Mafia, iliruka kutoka Kalaupapa katika kisiwa cha Molokai ikiwa na rubani na abiria wanane. Haijamaliza kupanda, vile vya turbini ndani ya injini vikavunjika na nguvu ikakatika. Rubani akaitua baharini, magurudumu yakiwa nje kama yalivyo siku zote. Watu wote tisa walitoka wakiwa hai, na abiria mmoja aliyekuwa na kamera ndogo alipiga video iliyotazamwa dunia nzima. Mmoja aliogelea hadi ufukweni, wengine waliokolewa. Aliyefariki ni Loretta Fuddy, mkurugenzi wa idara ya afya ya jimbo la Hawaii, na alifia majini wakati wa kungoja msaada. Kifo chake kilihusishwa na mapigo ya moyo kwenda kombo, kwa hiyo si haki kudai kwamba jaketi zuri lingemwokoa. Lakini uchunguzi wa Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani ulionyesha kwamba jaketi alilokuwa amelivaa lilikuwa la mtoto mchanga. Mtu mzima, ofisa mkuu wa serikali, katika dakika ile moja iliyokuwepo, alipata kilichofikika kwanza. Hilo ndilo linalotokea jaketi linapoanza kutafutwa baada ya injini kunyamaza.

Kanada nayo ina mengi ya kutufundisha, kwa sababu huko ndege ndogo zenye maboya badala ya magurudumu hutua majini kila siku, na zikiharibikiwa huharibikiwa majini. Tarehe 29 Novemba 2009 ndege aina ya de Havilland Beaver ilianguka mara tu baada ya kupaa kutoka Lyall Harbour, kisiwani Saturna, jimbo la British Columbia. Walikuwemo watu wanane. Rubani na abiria mmoja walitoka, sita walizama. Bodi ya Usalama wa Usafirishaji ya Kanada ilipoyatazama matukio ya miaka 20 hivi iliona kwamba takribani asilimia 70 ya waliokufa katika ndege zilizoanguka na kuzama majini walikufa kwa maji. Hao walikuwa wameanguka, hawakutua kwa mpango, na bado wengi wao pigo halikuwaua. Mwaka 2011 bodi hiyo ikapendekeza mambo mawili: milango na madirisha ya ndege hizo yaweze kufunguka haraka baada ya ajali, na abiria wavae vifaa vya kuelea wakiwa safarini. Mwaka 2019 serikali ya Kanada ikabadilisha kanuni, na kuvaa kukawa sharti katika ndege za maboya za kibiashara.

Kuhusu milango, wasikilizaji, inafaa tuutazame kwa karibu mlango wa nyuma wa Cessna 206, maana ndege hii imeenea sana Afrika Mashariki. Upande wa kulia, chini ya bawa na kurudi nyuma kidogo, ina mlango mpana wa mizigo wenye vipande viwili. Kipande cha mbele ndicho hufunguka kwanza, na mkono wa kufungulia kipande cha nyuma umekaa kwenye ukingo wake wa mbele, umefichwa mpaka cha kwanza kitoke njiani. Juu ya mlango huo inateremka flapu ya bawa la kulia. Ikiwa imeshushwa, kipande cha mbele kikisukumwa kinaigonga na kuacha upenyo wa sentimita chache tu. Abiria wa nyuma, pengine akiwa kichwa chini na maji yakipanda, anatakiwa apitishe mkono kwenye upenyo huo, aupapase mkono wa kipande cha nyuma, auzungushe, kisha akisukume. Akiwa ameketi kwenye kiti cha karakana, akisomewa maelekezo, ataweza. Mwezi Agosti 2018, huko Little Doctor Lake, kaskazini magharibi mwa Kanada, Cessna 206 yenye maboya ilipinduka ilipokuwa ikitua. Rubani na abiria wa mbele walitoka, abiria watatu wa nyuma walizama. Sasa kumbukeni tulisema flapu, pamoja na nguvu kidogo ya injini, hupunguza pigo kwa karibu theluthi. Ni flapu zilezile zinazoziba njia ya kutokea. Rubani wa 206 anayetua majini ana maamuzi mawili yanayogombana, na kama hakuyafikiria akiwa chini hatapata nafasi ya kuyafikiria akiwa juu.

Mtu atauliza mlango na jaketi vinahusiana vipi. Vinahusiana kwa muda, kwa kuwa vyote viwili vinaugombania ule uleule. Cessna 172 iliyozimika injini ikiwa futi 2,500 inaweza kuteleza hewani kama kilomita 7 hivi, na itagusa chini baada ya dakika tatu hadi nne. Mkondo wa Zanzibar una upana wa kiasi cha kilomita 30 hadi 40. Aliye katikati kwa urefu huo hafiki popote. Akiwa futi 8,000 hesabu inabadilika, angeteleza zaidi ya kilomita 20 na kukuta mchanga chini yake, na rubani anayechagua kupanda juu anastahili sifa. Ila katika safari za dakika 20 si rahisi kila mara. Basi turudi kwenye dakika zile tatu. Rubani, ambaye mara nyingi yuko peke yake, aweke mwendo unaotakiwa, atafute chanzo, ajaribu kuwasha tena, aite Mayday kwenye redio, asome upepo na mawimbi, alegeze komeo la mlango, awaambie abiria wakaze mikanda. Nyuma yake, kama ndege ni Caravan, watu kumi na wawili, wengine hawajawahi kupanda ndege, wanainama huku wamefungwa mikanda wakitafuta mfuko wa plastiki chini ya viti vilivyobanana. Ndege kubwa ya Airbus iliyotua kwenye Mto Hudson, New York, tarehe 15 Januari 2009, ilikuwa na nafasi kubwa zaidi, wahudumu waliofunzwa na muda wa kama dakika tatu na nusu tangu igongane na ndege wa porini. Watu wote 155 walipona, na dunia ikashangilia kwa haki. Lakini wachunguzi walipowahoji abiria walikuta kwamba kati ya 150 waliokuwemo ni 33 tu hivi waliopata jaketi kwa wakati wowote, na katika hao ni 4 waliothibitisha kwamba walilivaa na kulifunga mkanda wa kiuno wenyewe. Ziliwaokoa boti za abiria zilizokuwa zikipita mtoni, zikafika baada ya dakika chache. Kati ya Kilindoni kisiwani Mafia na Nyamisati huku bara hakuna foleni ya boti namna hiyo.

Sasa pingamizi, na nitaanza na lililo zito kuliko yote, kwa sababu anayelitoa ana ushahidi mkononi. Anasema: jaketi likivaliwa mapema linaweza kumuua mtu ndani ya ndege. Tarehe 23 Novemba 1996, Boeing 767 ya Ethiopia iliyotekwa ikiwa njiani kwenda Nairobi iliishiwa mafuta na kutua baharini karibu na ufukwe wa Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175 walikufa 125. Miongoni mwao wamo waliokuwa wamekwisha kuyajaza majaketi yao upepo wakiwa bado ndani. Maji yalipoingia yakawainua hadi darini na wakashindwa kupiga mbizi kuufikia mlango. Ushahidi huu ni wa kweli na naukubali wote. Lakini unakataza kujaza, haukatazi kuvaa. Tena unatufundisha jaketi la aina gani linafaa. Yale ya rangi ya chungwa yaliyojaa sponji, tunayoyaona kwenye boti za Azam Marine na mashua za watalii, hayafai kabisa ndani ya ndege, kwa kuwa yanaelea wakati wote na hayajui ndani wala nje. Yale ya mabaharia yanayojijaza yenyewe yakilowa ni mabaya zaidi. Linalofaa ni lile dogo linalokaa kwenye kijifuko kiunoni, likiwa limekunjwa, halina hewa hata chembe mpaka mwenyewe alivute kichwani na kuvuta kamba ya mtungi wa gesi, akiwa tayari nje. Atakayelivaa hivyo atatoka mlangoni akiwa na umbo lake lilelile. Lililobaki ni sentensi moja ya rubani kabla ya kuruka, isemwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya wageni waliomo: usivute kamba mpaka uko nje ya ndege.

Pingamizi la pili ni la kibiashara, na ndilo linalosemwa kwa sauti ya chini. Ukimvisha mtalii jaketi uwanjani atatishika, ataona ndege mbovu, kesho atapanda boti. Huenda mmoja wawili watafanya hivyo. Lakini wafanyakazi wa visima vya mafuta baharini wanapanda helikopta wakiwa wamevaa vifaa vizito kuliko hivi, na Kanada abiria wanavaa vijifuko vyao wakipiga picha. Tulisema hivyohivyo juu ya mikanda ya mabasi ya mikoani, kwamba abiria wataona dereva hajiamini. Leo anayeuliza mkanda uko wapi ndiye anayeonekana mjuzi. Isitoshe, mgeni anayetishwa na jaketi la kiunoni anapaswa kujua kwamba kanuni za kimataifa tayari zinataka awe nalo karibu. Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Usafiri wa Anga kinaitaka ndege ya injini moja inayoruka juu ya maji, mbali kuliko inavyoweza kuteleza hadi nchi kavu, iwe na jaketi kwa kila aliyemo, liwekwe mahali panapofikika kirahisi kutoka kwenye kiti. Neno ni kufikika. Tumeona kule Molokai kufikika kulimfikisha mtu wapi. Sheria inaweka kiwango cha chini, na hakuna kinachomkataza mwenye ndege kupita hapo.

Wapo pia wanaosema maji yetu ni ya vuguvugu na yamejaa wavuvi, si kama bahari za kaskazini ambako baridi inaua kwa dakika chache. Nusu ya hoja hii ni kweli na nusu ya pili inanisaidia mimi. Bahari ya kwetu ina nyuzi 25 hadi 29 hivi, na mtu anaweza kuishi humo saa nyingi. Lakini ataishi kama anaelea. Asiyejua kuogelea, na hao katika ndege yoyote ile ni wengi, joto la maji halimsaidii lolote. Tena mkondo unaopanda kaskazini pwani ya Afrika Mashariki hupata nguvu wakati wa kusi. Ukikuchukua kwa mita moja kwa sekunde, baada ya saa moja uko zaidi ya kilomita 3 kutoka mahali ndege ilipozama. Na usitegemee sana ule mtambo wa ndege wa kutuma ishara za dharura, kwa sababu ukiwa chini ya maji setilaiti haiusikii. Mitambo ya zamani inayotumia masafa ya megahezi 121.5 setilaiti ziliacha kuisikiliza tangu tarehe 1 Februari 2009. Mtambo mdogo wa masafa ya 406, uliofungwa kwenye mwili wa rubani mwenyewe, ndio utakaotoka naye.

Wavuvi ni kweli wapo, na hakuna aliyelithibitisha hilo kuliko wale wa Bukoba. Tarehe 6 Novemba 2022, ATR 42 yenye watu 43 ilianguka Ziwa Victoria karibu na uwanja wa ndege. Haikuwa ndege ndogo na haikuwa kutua kwa dharura, ilikuwa ajali katika hali mbaya ya hewa. Lakini waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na kijana Majaliwa Jackson akasifiwa nchi nzima kwa kusaidia kuufungua mlango wa nyuma kwa kutumia kasia. Walinusurika 24, wakafa 19. Tukio lile lilikuwa karibu na ufukwe, mchana, mji mzima ukitazama, na bado kilichoamua nani anatoka kilikuwa mlango na mahali mtu alipoketi. Rubani mwenye busara akizimikiwa na injini atatua kando ya mashua za wavuvi kama zipo, hilo marubani hufundishwa. Kuwapo kwa mashua kunafupisha kungoja. Hakufungui mkanda wa mtu wala hakumtoi chini ya maji.

Kuna hoja ya mwisho, kwamba injini za turbini za Caravan hazifi ovyo, na kwamba hatari hii ni ndogo mno kuipigia kelele. Ni ndogo, nakubali, na injini ile ina sifa nzuri duniani kote. Ile ya Molokai ilikuwa ya ukoo uleule. Basi tupime gharama ya upande wa pili. Kijifuko kimoja kina uzito wa kama nusu kilo. Abiria 12 ni kilo 6, ambazo ni pungufu ya begi moja la mgeni. Gharama halisi iko kwenye matunzo. Majaketi ya chini ya kiti yamefungwa ili yasiguswe, na ukiyatoa ukawavalisha watu kila siku yatachanika. Yapo yaliyotengenezwa kuvaliwa kila siku, na hayo ndiyo ya kununua, yakiwa na ratiba ya kukagua mitungi na mishono kwa sababu chumvi na unyevu wa Pwani havina huruma na chuma. Kampuni yenye ndege tano itahitaji mtu mmoja wa kuyahesabu na kuyakagua. Yagawiwe pale abiria wanapopimwa uzito na mizigo yao, yarudishwe wanapopewa mabegi. Na wakati abiria anafungwa kijifuko chake, aonyeshwe kwa mkono mlango wake ni upi: katika Caravan, mlango wa abiria wa nyuma una kipande cha juu kinachoinuka na cha chini chenye ngazi kinachoteremka, na mikono yake miwili haifanani. Aliyeketi karibu nao aishike yote miwili mara moja, ndege ikiwa bado imesimama kwenye lami.